Poly Styrene: binti wa Msomali aliyeipigia kelele Uingereza

Neno panki lilifika kwetu likiwa limeuacha muziki wake njiani. Mtajie kinyozi wa Manzese neno hilo, moja kwa moja atafikiria kichwa: pembeni zinashushwa, katikati nywele zinaachwa zisimame kama upanga wa jogoo. Ni wachache wanaojua kwamba kabla ya kuwa mtindo wa kunyoa, panki ulikuwa muziki, tena muziki wa fujo kweli kweli, uliotikisa New York na London katikati ya miaka ya sabini. Na ni wachache zaidi wanaojua kwamba mmoja wa waimbaji wake wa mwanzo, na mmoja wa walioacha alama kubwa kuliko umri wa bendi yao, alikuwa binti wa Kisomali kwa upande wa baba.

Ndugu msomaji, leo naomba nikusimulie habari za Marianne Joan Elliott-Said, aliyejiita Poly Styrene, na bendi yake ya X-Ray Spex. Angalia hilo jina la mwisho. Said. Ukiliita kwa sauti sokoni Tanga watageuka watu kumi. Lakini huyu hakuzaliwa Tanga wala Mogadishu. Alizaliwa Bromley, kusini mwa London, tarehe 3 Julai 1957, mama Mwingereza mweupe aliyekuwa katibu katika ofisi ya wanasheria, baba Msomali. Wazazi hawakudumu pamoja, na mama ndiye aliyemlea, sehemu kubwa ya utoto ukiwa Brixton, mtaa uliokuwa umejaa wahamiaji kutoka visiwa vya Karibiani.

Kuwa chotara Uingereza ya miaka ile haikuwa lelemama. Weupe walikuona mweusi, weusi walikuona mweupe, na mtoto unabaki katikati ukitafuta pa kukaa. Ili tuelewe hali ilivyokuwa inabidi turudi nyuma kidogo, na hapa historia yenyewe inapita Afrika Mashariki, hatuilazimishi.

Mwaka 1967 Kenya ilipitisha sheria ya uhamiaji iliyowataka wasio raia kuwa na vibali vya kufanya kazi. Maelfu ya Waasia waliokuwa na pasi za Kiingereza wakaanza kufunga virago kuelekea London. Serikali ya Uingereza ikaingiwa na kiwewe, na Machi 1968, ndani ya siku chache tu, bunge lao likapitisha sheria ya kuwazuia watu hao hao waliokuwa na pasi zake. Mwezi uliofuata, Aprili 20, mbunge Enoch Powell akatoa mjini Birmingham ile hotuba yake mbaya ya kutabiri damu kwa sababu ya wahamiaji. Miaka minne baadaye, Agosti 1972, Idi Amin akawapa Waasia wa Uganda siku 90 waondoke. Zaidi ya 27,000 waliishia Uingereza. Chama cha National Front, kilichoanzishwa 1967 na ambacho sera yake kubwa ilikuwa kuwarudisha watu wa rangi walikotoka, kikapata mtaji wa bure. Kwa hiyo uamuzi uliofanyika Kampala uliongeza joto kwenye mitaa ya London, na kwenye mitaa hiyo ndiko alikokuwa akikua binti yetu.

Akiwa na miaka 15 alitoroka nyumbani akiwa na pauni tatu mfukoni, akazunguka Uingereza kwa kuomba lifti, akihudhuria matamasha ya mahipi. Safari iliishia pabaya: alikanyaga msumari wenye kutu, sumu ikaingia kwenye damu, ikabidi arudi. Mwaka 1976 alitoa singo yake ya kwanza kwa jina la Mari Elliott. Ilikuwa rege, na haikwenda popote.

Ndipo ikafika tarehe 3 Julai 1976. Siku hiyo alitimiza miaka 19, na alikwenda Hastings, mji wa pwani, kuangalia onyesho kwenye gati ya starehe ya mji huo. Jukwaani walikuwepo vijana wanne wasiojulikana sana, Sex Pistols. Hawakuwa wapigaji mahiri. Ukumbi haukuwa umejaa. Lakini Marianne aliona kitu pale: vijana wa rika lake, hawana sauti nzuri, hawana vyombo vya maana, na wako jukwaani wanasema wanachotaka.

Hapa inabidi nieleze panki ilikuwa nini hasa, maana wengine wanadhani ni kelele tu. Kelele ilikuwepo, hilo halina ubishi. Lakini roki ya wakati ule ilikuwa imekuwa mali ya mabwana wakubwa. Wimbo mmoja dakika kumi, gitaa linalia peke yake mpaka unasahau wimbo ulianzaje, wanamuziki wanaruka na ndege zao binafsi. Wakati huo huo Uingereza ilikuwa hoi. Watu zaidi ya milioni moja hawakuwa na kazi, na mwaka 1976 serikali ilikwenda kupiga hodi IMF kuomba mkopo. Ndiyo, IMF hii hii tunayoijua sisi, na masharti yakaja yale yale ya kubana matumizi. Kijana wa London aliyemaliza shule akakuta mlango wa kazi umefungwa hakuwa na la kujifunza kutoka kwa tajiri mwenye gitaa la nyuzi kumi na mbili. Panki ikamwambia: jifunze mikong'osio mitatu, shika gitaa la kuazima, anza. Wimbo dakika mbili, basi. Ukikosea endelea.

Marianne akaanza. Aliweka tangazo kwenye magazeti ya muziki akitafuta vijana wa kupanga nao bendi. Wakajitokeza Jak Airport kwenye gitaa, Paul Dean kwenye besi, na B.P. Hurding ndiye aliyekuja kukaa kwenye ngoma. Akajitokeza pia binti wa shule, Susan Whitby, aliyekuwa na miaka kama kumi na sita hivi, akipuliza saksafoni. Huyo akapewa jina la Lora Logic. Kwa sisi tuliokulia kwenye muziki wa dansi, saksafoni kwenye bendi si habari. Lakini kwenye panki ilikuwa kama kuleta nazi kwenye nyama choma. Ikakubali vizuri sana. Ile saksafoni ya X-Ray Spex haibembelezi mtu, inakoroma na kupiga honi kama basi lililokwama kwenye foleni, na ndiyo inayokufanya uitambue bendi hii kabla hata mwimbaji hajafungua mdomo.

Na jina? Alifungua kitabu cha simu cha matangazo ya biashara akitafuta kitu kinachofanana na zama zake. Akakutana na poly styrene, ile plastiki nyeupe nyepesi inayowekwa kwenye boksi la televisheni mpya ili isigongwe, kisha ukifika nyumbani unaitupa. Alisema alitaka jina la kitu cha kutumia na kutupa, kwa sababu alijua hivyo ndivyo nyota wa muziki wanavyofanywa. Kumbuka alikuwa na miaka 19 tu. Kuna mameneja wa wasanii wenye mvi ambao hadi leo hawajalielewa hilo.

Mapema 1977 bendi ilikuwa tayari kwenye jukwaa la Roxy, klabu ndogo ya Covent Garden iliyokuwa kijiwe kikuu cha mapanki, na moja ya maonyesho yao ya mwanzo kabisa likarekodiwa na kuingizwa kwenye albamu ya pamoja ya klabu hiyo. Septemba 1977 ikatoka singo yao ya kwanza, Oh Bondage Up Yours!, chini ya kampuni ya Virgin. Inaanza bila muziki, kwa sauti ya binti mpole anayekumbushia ule usemi wa kizamani wa Kiingereza kwamba watoto, na hasa wa kike, waonekane lakini wasisikike. Halafu anaukataa kwa ukelele ambao ukiusikia mara ya kwanza lazima upunguze sauti ya redio.

Wengi waliuelewa vibaya wimbo huo. Kwa kuwa mapanki walikuwa wanavaa minyororo na mikanda kama mavazi, magazeti yakadhani ni wimbo wa mambo ya chumbani. Yeye akaeleza mara nyingi kwamba alikuwa anaongelea utumwa: wa mwanamke, wa mnunuzi, wa mtu yeyote anayefungwa kamba asizoziona. Wimbo haukuingia kwenye chati. Lakini miaka karibu hamsini baadaye bado unatajwa kila inapoandikwa orodha ya nyimbo zilizojenga panki.

Halafu kulikuwa na muonekano. Poly alikuwa na waya za kunyoosha meno, mwili wa kawaida, nywele za asili, na nguo za rangi kali kali alizojishonea au kuzichanganya mwenyewe. Aliwahi kuwa na meza yake ya kuuza nguo na vikorokoro eneo la King's Road. Hakufanana na mwimbaji yeyote wa kike aliyekuwa kwenye televisheni ya Uingereza. Waandishi, na hapa nawasema wenzangu wa kalamu, walitumia wino mwingi kuyaeleza meno yake na kiuno chake kuliko mashairi yake. Jibu lake lilikuwa kwamba siku akiona anageuzwa kuwa kivutio cha wanaume, atanyoa kipara.

Na alinyoa.

Twende Victoria Park, mashariki mwa London, tarehe 30 Aprili 1978. Miaka miwili nyuma yake, Agosti 1976, mpiga gitaa maarufu Eric Clapton alisimama jukwaani Birmingham akiwa amelewa, akamsifu Enoch Powell na kusema wageni waondoke. Huyu ndiye Clapton aliyekuwa amepata namba moja Marekani mwaka 1974 kwa wimbo wa Bob Marley! Watu waliokasirishwa na jambo hilo waliandika barua kwenye magazeti ya muziki, na kutokana na barua hiyo likazaliwa vuguvugu la Rock Against Racism, yaani roki dhidi ya ubaguzi wa rangi. Walichofanya kilikuwa chepesi kukieleza na kigumu kukifanya: kuziweka bendi za panki za vijana weupe na bendi za rege za vijana weusi kwenye jukwaa moja, usiku mmoja, mbele ya mashabiki wa pande zote mbili.

Siku ile ya Aprili maandamano yalianzia Trafalgar Square, yakatembea kilomita kadhaa hadi Victoria Park kupitia maeneo ambayo National Front walijiona wenyeji. Makadirio yanasema walikusanyika watu kati ya 80,000 na 100,000. Walipiga The Clash, Steel Pulse, Tom Robinson Band, na X-Ray Spex. Poly alipanda amejifunga kitambaa kichwani, kisha akakifungua. Kipara. Mbele ya umati ule, binti wa Msomali na Mwingereza, nchi ikibishana kama watu wa aina yake wana haki ya kuwepo, na yeye yuko juu ya jukwaa anaimba. Mwaka uliofuata National Front waliangukia pua kwenye uchaguzi mkuu. Sisemi kwamba muziki peke yake ndio uliowaangusha, kwa sababu Margaret Thatcher naye alikuwa amewachukulia kura nyingi kwa kuzungumza lugha kali kuhusu wahamiaji. Lakini wanahistoria wengi wa kipindi hicho wanakubali kwamba vijana weupe waliokuwa wanatongozwa na chama kile walipewa pahali pengine pa kusimama.

Mwaka 1978 ndio ulikuwa wa neema. The Day the World Turned Day-Glo ilifika namba 23 kwenye chati ya Uingereza, Identity ikafika 24, na Germ Free Adolescents ikapanda hadi 19. Walikwenda New York kupiga CBGB, klabu walikoanzia Ramones. Novemba ikatoka albamu, Germfree Adolescents, yaani vijana wasio na vijidudu. Lora Logic alikuwa ameshaondoka, na saksafoni ikashikwa na Rudi Thomson.

Ukiisikiliza albamu hiyo leo utashangaa. Wakati wenzake wanamtukana malkia na polisi, Poly alikuwa anaimba kuhusu sabuni, supamaketi, matangazo ya televisheni, vyakula vya kopo, nailoni, dawa za kusafisha kila kitu. Anaimba kuhusu msichana anayejitazama kwenye kioo na kwenye magazeti mpaka hajui tena yeye ni yupi. Hebu fikiria: hakukuwa na intaneti, hakukuwa na simu yenye kamera, hakukuwa na vijana wa kujipiga picha kumi na kuchagua moja. Na hakuwa anahubiri. Alisema alizipenda pia hizo plastiki na rangi zake. Alikuwa anacheka na kuogopa kwa wakati mmoja, na ndiyo maana nyimbo hazijachuja.

Sasa tufike kwenye sehemu ngumu.

Katika ziara za 1978, baada ya onyesho huko Doncaster, Poly alisema ameona mwanga wa ajabu wa rangi ya waridi angani, na vitu alivyovigusa vikawa kama vinatoa cheche. Alikuwa amechoka, hajalala vya kutosha, na ana miaka 21 huku bendi nzima imekaa mabegani mwake. Alipelekwa hospitali. Madaktari wakampa jina la ugonjwa, skizofrenia, na akaambiwa hatafanya kazi tena. Ilichukua zaidi ya miaka kumi, mpaka 1991, kwa wengine kugundua kwamba ugonjwa wake ulikuwa mwingine: ule unaompandisha mtu juu kwa furaha isiyo na breki kisha kumtupa chini kwenye huzuni, na ambao una matibabu yake. Miaka yote hiyo katikati aliishi na lebo isiyo yake.

Katikati ya 1979 aliiacha bendi, na X-Ray Spex ikafa. Albamu moja, singo chache, miaka mitatu hivi. Mwaka 1980 alitoa Translucence, albamu ya peke yake, tulivu kabisa, ambayo mashabiki wa panki waliipita kama hawaioni. Mwaka 1981 alimzaa mwanaye wa pekee, Celeste Bell. Mwaka 1983 akajiunga na Hare Krishna, waumini wa Kihindu wanaoimba barabarani, akaishi kwenye hekalu lao karibu na London. Lora Logic naye alifuata njia hiyo hiyo.

Celeste amesimulia bila kuficha kwamba kulelewa na mama mgonjwa hakukuwa rahisi, na kwamba ilibidi akiwa mtoto akalelewe na bibi yake. Nalitaja hili makusudi. Sisi waandishi tuna kaugonjwa ka kupenda mashujaa waliokamilika. Mwanamke anaweza kuwa ameubadilisha muziki wa dunia na bado mtoto wake akawa na la kusema. Yote mawili ni kweli na hayafutani.

Kulikuwa na kurudi rudi. Mwaka 1995 X-Ray Spex walitoa Conscious Consumer, haikutikisa sana. Aprili 2008, miaka thelathini baada ya siku ile ya kipara, alisimama tena Victoria Park kwenye tamasha la kumbukumbu. Septemba mwaka huo akapiga ukumbi wa Roundhouse, London, kwa kishindo. Jak Airport hakuwepo kuliona hilo, alikuwa amefariki mwaka 2004. Mwisho wa 2010 Poly alitoa wimbo na binti yake, Black Christmas, na Machi 2011 ikatoka Generation Indigo, albamu ambayo wakosoaji waliipokea kwa mikono miwili. Alikuwa kitandani. Saratani ya matiti ilikuwa imeenea mwilini. Alifariki tarehe 25 Aprili 2011, wiki nne tu baada ya albamu kutoka, akiwa na miaka 53.

Alama yake iko wapi? Miaka ya tisini, wasichana wa Marekani walioanzisha vuguvugu la riot grrrl, akiwemo Kathleen Hanna wa Bikini Kill, walimtaja kama mama yao wa kimuziki. Neneh Cherry, ambaye baba yake mzazi alitoka Sierra Leone, amesema kwamba kumsikia Poly ndiko kulikompa ujasiri wa kutumia sauti yake. Mwaka 2021 Celeste, akishirikiana na Paul Sng, alitoa filamu ya maisha ya mama yake, Poly Styrene: I Am a Cliché. Maandishi ya Poly humo yanasomwa na mwigizaji Ruth Negga, mzaliwa wa Addis Ababa, baba Mhabeshi na mama kutoka Ireland. Aliyemchagua alijua anachofanya.

Sasa swali linalonisumbua. Je, tumdai kuwa wetu? Nimeanza kwa kumwita binti wa Msomali, na najua litawavuta baadhi yenu, kama tunavyochangamka kila tunaposikia kuna damu ya huku kwetu kwa mtu maarufu. Lakini ukimfuatilia huyu mwanamke utaona kwamba maisha yake yote kuna mtu alikuwa anambandikia karatasi mgongoni. Weusi, weupe, chotara, mnene, kichaa, nyota, aliyekwisha. Kila mara alikuwa anaibandua. Hata lile jina la plastiki alijipa mwenyewe kabla hawajampa jingine. Nadhani heshima tunayoweza kumpa si kumuongeza kwenye orodha ya "watu wetu" kisha tukasahau alichoimba. Ni kumsikiliza.

Albamu yenyewe haifiki dakika arobaini, unaimaliza kwenye daladala kutoka Mbagala hadi Posta na foleni bado inakudai. Anza na Germfree Adolescents, kisha rudi kwenye ile singo ya kwanza ya 1977. Na kama una binti au mdogo wa kike nyumbani anayeambiwa kila siku apunguze sauti, mpigie naye asikie.

Alamsiki.